Ushauri: Mpwa wangu anataka kumaliza high school Texas mwaka mmoja kabla. Inawezekana?

Mjomba_FW (Jumanne, 12 Novemba 2024, saa 2:40 asubuhi)
Wakuu, habari zenu. Nipo Fort Worth. Mpwa wangu yuko darasa la 11, ana kredi 14 mkononi, yaani masomo 14 ya mwaka mzima aliyofaulu, na mwaka huu anasoma masomo saba. Anataka kumaliza Mei 2025, asisubiri 2026. Ni kijana mwenye akili, hana tatizo lolote. Kaunsela wake ana foleni ndefu, kila akifuatwa anasema "tutaongea". Swali langu ni moja tu: Texas wanaruhusu, na zinatakiwa kredi ngapi? Naomba msaada wa haraka, kuna mambo yanasubiri.

Bibi Karafuu
Haraka haraka haina baraka. Huyo mtoto ana umri gani? Akimaliza mapema anakwenda wapi? Vijana wa siku hizi wanakimbilia utu uzima kama kuna anayewagawia pilau huko.

Kisu Butu
Mnaomtaka abaki shule, nani kati yenu alilia siku ya kumaliza? Mwacheni dogo.

Mwalimu Austin
Mjomba, wanaruhusu. Texas haihesabu miaka, inahesabu kredi na mitihani. Diploma ya msingi, yaani Foundation, ni kredi 22: Kiingereza 4, hisabati 3, sayansi 3, maarifa ya jamii 3, lugha nyingine 2, michezo 1, sanaa 1, masomo ya hiari 5. Kwenye zile tatu za maarifa ya jamii lazima iwemo Historia ya Marekani kredi 1, Serikali nusu na Uchumi nusu.

Ila watoto wote wanapoingia darasa la 9 huchagua endosimenti, yaani mkondo wa masomo ya kuongezea juu ya Foundation, na diploma yenye endosimenti ni kredi 26. Kushuka hadi 22 kunawezekana baada ya darasa la 10 kuisha, kwa fomu anayosaini mzazi baada ya kaunsela kuwaeleza wote wawili, mzazi na mwanafunzi, faida wanayoiacha.

Taja masomo yake moja moja. Namba 14 peke yake haisemi kitu. Mtu anaweza kuwa na kredi 24 na bado hajamaliza, kwa sababu amejaza za hiari na Kiingereza IV hana.

Mjomba_FW (saa 3:35 asubuhi)
Asante mwalimu. Anazo: Kiingereza I na II, Aljebra I, Jiometri, Biolojia, Kemia, Jiografia ya Dunia, Historia ya Dunia, Kihispania I, michezo, sanaa, na tatu za hiari. Sasa hivi anasoma Kiingereza III, Aljebra II, Fizikia, Historia ya Marekani, Kihispania II na mbili za hiari. Fomu ya kushusha endosimenti imeshasainiwa, hiyo msihangaike nayo.

Mwalimu Austin
Sawa, tupige hesabu. Akifaulu yote saba atakuwa na kredi 21, na zitakosekana Kiingereza IV, Serikali na Uchumi. Serikali na Uchumi ni nusu nusu, anaweza kuzipata kwa mtihani bila kukaa darasani. Kwa asiyewahi kufundishwa somo hilo alama ya kupita ni 80, si 70. Wilaya ya shule ina madirisha ya mitihani hiyo kila mwaka na kujiandikisha hufungwa mapema, kwa hiyo aulize tarehe wiki hii.

Kiingereza IV ndicho kigumu. Muhula wa pili aache somo moja la hiari, aombe kusoma III na IV kwa pamoja, na nusu ya IV itakayobaki aifanye kwa njia ya mtandao. Shule inaweza kukataa. Na akiacha somo la hiari asipunguze kupita kiasi: Jiografia ya Dunia inahesabiwa kwenye hiari, pamoja na tatu alizonazo ni nne, kwa hiyo mwaka huu lazima amalize japo moja kamili.

Asisahau pia kanuni ya asilimia 90: akikosa darasa zaidi ya asilimia 10 ya siku za somo, kredi inazuiliwa hata akipata 95.

Lulu wa Mwanza
Huku nyumbani njia ya mkato ni kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Masharti: awe amefaulu mtihani wa kidato cha pili, au afanye QT, mtihani wa kufuzu, kwanza. Akirudi Tanzania...

Kisu Butu
Dada, mtoto yuko Fort Worth. Unampeleka NECTA kwa nauli ya nani?

Zuzu la Dallas
Mnazunguka bure. GED. Miaka 17 kwa ridhaa ya mzazi, 18 bila kuuliza mtu. Mitihani minne, kila mmoja alama 145, kwisha kazi.

Mwalimu Austin
GED ni cheti cha kulingana na diploma, si diploma. Vyuo vya jamii vinakipokea vizuri, jeshi linakiweka chini ya diploma. Mtu aliyebakiza kredi nane haanzi na GED.

Mama Furaha
Mbona hakuna aliyeuliza mitihani ya STAAR, ile ya jimbo ambayo lazima upite ndipo uhitimu? Kredi ni nusu ya habari. Ipo mitano: Aljebra I, Biolojia, Kiingereza I, Kiingereza II na Historia ya Marekani. Mjomba, amepita mingapi?

Mjomba_FW (saa 4:30 asubuhi)
Aljebra na Biolojia amepita. Historia ni Aprili.

Mama Furaha
Na Kiingereza?

Mjomba_FW (saa 5:25 asubuhi)
Kiingereza darasani alipata 84 na 81. Mtihani wa STAAR hakupita, I wala II. Ya II amefanya Aprili na Juni, anarudia Desemba. Lakini mtoto alikuja 2021 kutoka kambi ya Nyarugusu akiwa darasa la 8, na kuna mtu aliniambia wakimbizi wanasamehewa. Ndiyo maana sikuitaja.

Mama Furaha
Hilo ndilo lilipaswa kuwa mstari wa kwanza wa uzi huu.

Kinachosamehewa ni kurudia STAAR ya Kiingereza I tu. Kinamhusu mwanafunzi anayejifunza Kiingereza aliyekuwa na miaka mitatu au chini ya hapo katika shule za Marekani, au mitano kwa mkimbizi aliyekosa masomo, na ambaye hajafika ngazi ya juu kabisa ya kusoma kwenye TELPAS, mtihani wa jimbo wa kupima Kiingereza cha wanaojifunza. Tena si jambo la kujitangazia: kamati ya LPAC ya shule, inayosimamia wanaojifunza Kiingereza, inaamua na inaandika. Ombeni nakala ya uamuzi huo. Kama LPAC haikuandika, shuleni anahesabika ana deni.

Kiingereza II hakina msamaha huo. Zipo njia tatu. Apite Desemba. Au, kwa kuwa ameshafanya na kurudia, afanye TSIA, mtihani wa kupima utayari wa chuo. Akifikia alama ya Kiingereza inayotakiwa, unafuta deni la Kiingereza II. Au aende kamati ya IGC, inayoamua kama mwanafunzi mmoja mmoja ahitimu: mkuu wa shule, mwalimu wa somo, mkuu wa idara na mzazi. Wanampa kazi ya mradi au mkusanyiko wa kazi zake, na uamuzi lazima wakubaliane wote.

Sasa sikiliza hapa. IGC inampokea aliyefeli mitihani isiyozidi miwili. Kama Kiingereza I haikuandikwa na LPAC, miwili tayari anayo. Akianguka Historia ya Marekani Aprili, inakuwa mitatu na mlango wa IGC unafungwa. Akisubiri 2026 ana Juni, Desemba na Aprili nyingine za kujaribu.

Bibi Karafuu
Niliuliza umri tangu asubuhi.

Mjomba_FW (saa 6:20 mchana)
17. Anatimiza 18 Machi. Jamani, mnamjadili kama mgonjwa. Ana kazi inamsubiri Juni, ghala la huku kwetu, dola 17 kwa saa, ataendesha foklifti. Mama yake ni mjane, ana wadogo watatu. Kumaliza mapema si starehe, ni kusaidia nyumba. Uamuzi umeshafanyika, nilikuja kuuliza utaratibu.

Fundi Karatasi
Mjane. Baba alifariki hapa Marekani? Alikuwa akifanya kazi za kukatwa Social Security, mfuko wa hifadhi ya jamii?

Mjomba_FW (saa 7:15 mchana)
Ndiyo, 2023. Kuna hela inaingia kila mwezi, za mtoto huyu ni kama 900. Inahusiana nini?

Fundi Karatasi
Inahusiana sana. Hela ya yatima hukoma akifika 18, isipokuwa kama bado yuko high school kwa muda wote. Hapo inaendelea mpaka amalize shule, au miezi miwili baada ya kutimiza 19, lipi litangulie. Kabla ya Machi mtapata fomu SSA-1372. Mwanafunzi anajaza, shule inathibitisha. Isiporudishwa, malipo yanakatika kwenye siku ya kuzaliwa hata kama anakwenda darasani kila siku.

Akimaliza Mei 2025 akiwa na 18, imekwisha. Akimaliza Mei 2026 atakuwa ametimiza 19 Machi, miezi miwili inamfikisha Mei. Yaani anaacha karibu mwaka mzima wa 900 kwa mwezi, zaidi ya dola 10,000. Na kazi haimkatazi kupokea: mwaka 2025 anaweza kupata mshahara hadi dola 23,400 kabla hawajaanza kupunguza dola moja kwa kila mbili za ziada. Afanye kazi jioni na kiangazi, shule ibaki.

Foklifti chini ya miaka 18 ni marufuku ya serikali kuu, diploma haibadilishi. Juni atakuwa ametimiza, sawa, ila aliyemwahidi kazi hiyo kabla ya Machi asimpandishe.

Kisu Butu
Samahani wakuu, naweka pembeni utani. Angalieni saa za Mjomba. 2:40. 3:35. 4:30. 5:25. 6:20. 7:15. Kila baada ya dakika 55. Mjomba gani ana mapumziko yanayofuata kengele?

Ya Mulongo L'shi
Banatuongopea hapa. Ule mujomba njo mutoto mwenyewe.

Lulu wa Mwanza
Mimi niliona "hana tatizo lolote" nikajua. Mjomba wa kweli angeanza na matatizo.

Mjomba_FW (saa 8:10 mchana)
Acheni hizo. Nafanya kazi yenye mapumziko. Mkitaka kusaidia saidieni, msipotaka basi. Mimi nimeshamwonyesha mama pa kusaini na Desemba nikifeli kuna TSIA, mmesema wenyewe.

Kisu Butu
"Nikifeli" 😂

Ya Mulongo L'shi
Aksanti. Tumefunga kesi.

Bibi Karafuu
"Nimeshamwonyesha mama pa kusaini." Mwanangu, mama yako anasoma Kiingereza?

*(Mjomba_FW hakujibu kwa muda. Wachangiaji kadhaa waligombana kama uzi ufungwe.)*

Zuzu la Dallas
Uzi wa kutunga huu, mods fungeni. Mtu anajiita mjomba wake mwenyewe.

Mama Furaha
Usifungwe. Jina limetungwa, kesi haikutungwa. Hakuna mtunzi anayejua Kiingereza I na Kiingereza II vinahesabiwa tofauti.

Wewe unayesoma, mjomba au mpwa, fomu ya endosimenti si kaburi. Mwanafunzi anaweza kurudi kwenye endosimenti, na kuna sababu: bila endosimenti, hisabati 4 zenye Aljebra II ndani yake na sayansi 4, hupati ile ngazi ya juu ya diploma, Distinguished, na bila hiyo, kuwa kwenye asilimia 10 ya juu ya darasa lako kwa kawaida hakukuingizi chuo kikuu cha umma moja kwa moja. Una 84 na 81 kwenye lugha uliyoikuta ukiwa darasa la 8. Cheo chako darasani umekiangalia?

Mama anatakiwa kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kumpa mkalimani, bila malipo, na si mtoto wake. Andika barua pepe yenye sentensi mbili kwa kaunsela: mzazi anaomba mkutano kuhusu mpango wa kuhitimu, na mkalimani wa Kiswahili. Ikiwa kwenye maandishi, "tutaongea" haitoshi tena.

Mwalimu Austin
Ipo pia njia ya katikati: kumaliza Desemba 2025. Kiingereza IV chote kinaingia muhula wa vuli kama shule ina ratiba ya vipindi virefu, Serikali na Uchumi kiangazi, STAAR anaijaribu Juni na Desemba tena. Hela ya yatima aliyoitaja Fundi Karatasi inaendelea hadi muhula uishe. Akibaki mwaka mzima, aulize masomo ya chuo ndani ya high school. Kwa familia za kipato cha chini, mpango wa FAST unayafanya bure kwenye vyuo vilivyojiunga.

Na wanaomaliza mapema husahau FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu wa gharama za chuo. Texas ni sharti la kuhitimu: ujaze, au mzazi asaini fomu ya kujitoa. Mwaka huu inafunguliwa kwa wote kufikia Desemba 1. Mkimbizi anastahili, asijitoe.

Mjomba_FW (saa 4:05 usiku)
Mama anafanya shifti ya usiku. Mikutano yao yote ni saa 10 jioni, amelala.

Fundi Karatasi
Anatoka saa ngapi?

Mjomba_FW
Saa 12 asubuhi. Saa 1 yuko nyumbani.

Mama Furaha
Waombe saa 2 kamili asubuhi, kwa simu, mkalimani kwenye laini hiyo hiyo. Mama akae na transkripti, ile orodha ya masomo na alama, mkononi, na karatasi ya LPAC kama mmeipata. Wewe kaa pembeni yake, usitafsiri hata neno moja. SSA-1372 muiulize siku hiyo hiyo, nani pale shuleni anaisaini.

Kisu Butu
Saa 2 si kipindi cha kwanza? Asilimia 90, dogo.