Dereva wa vifurushi: nimejiajiri au nimeajiriwa?

Mwana wa Ujiji, Leeds

Wazee shikamooni, wenzangu mwakeye. Nasambaza vifurushi kwa gari nililokodishwa na kampuni ileile inayonipa kazi. Kodi ya gari wanaikata kila wiki. Njia wanapanga wao, sare ni yao, nikikosa siku wananitoza. Sasa mgongo umenikamata, nimeomba likizo, naambiwa kasome mkataba wako, wewe umejiajiri. Nina pa kushika hapo, au ninyamaze?

Dada wa Kasulu, Birmingham

Pole na mgongo, mdogo wangu. Usinyamaze. Hapa Uingereza mahakama haiishii kwenye karatasi uliyosaini, inatazama kazi inavyokwenda. Februari 2021 Mahakama ya Juu iliamua hivyo kwa madereva wa Uber: nauli inapanga kampuni, masharti inaweka kampuni, anayekataa abiria mara kwa mara anabanwa. Mfanyabiashara gani huyo? Hawakufanywa waajiriwa kamili, maana sheria ya hapa ina daraja la katikati: unapata kima cha chini cha mshahara na likizo yenye malipo, wiki 5.6 kwa mwaka, ila ukiachishwa kazi huna ulinzi wote wa mwajiriwa.

Lakini usishangilie mapema. Novemba 2023 mahakama hiyohiyo iliwakatalia wasambazaji wa Deliveroo, kampuni ya kupeleka vyakula majumbani, waliotaka chama chao kijadiliane na kampuni. Sababu kubwa: mkataba uliwaruhusu kumpa mtu mwingine kazi aifanye badala yao, na kampuni haikuwazuia. Kwa lugha ya kijiweni, walikuwa huru kuweka deiwaka. Basi jiulize: siku ulipoumwa, ungeweza kumtuma yeyote unayemtaka ashike usukani? Kama huwezi, una pa kushika.

Kodi ya serikali ni habari nyingine. Watu wa kodi hawalijui hilo daraja la katikati, kwa hiyo hata ukipata likizo yako unaweza kubaki umejiajiri machoni pao. Fomu yao ya kodi iingie mtandaoni kabla Januari 31 haijapita, faini zao hazina huruma. Bima nayo itazame. Ile ya kawaida ya gari haihusu mizigo ya kulipwa.

Na ninyi wa viza ya masomo mnaosoma kimyakimya: hamruhusiwi kujiajiri kabisa. Kusambaza kwa akaunti ya rafiki kwenye programu ya kampuni ni kuichezea viza yenyewe.

Mzee wa Gungu, Kigoma

Marahaba wanangu. Hayo yenu hata hapa Mwanga tunayo. Kijana anapewa pikipiki, jioni apeleke hesabu, au anapewa kwa mkataba mpaka iwe yake. Akianguka nayo, bosi anauliza kwanza pikipiki imeumia wapi.

Sheria yetu si mbaya. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamhesabu mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kikiwepo hata kimoja kati ya vigezo vyake: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, amepewa vifaa, anamtegemea huyo mtu kiuchumi, au amemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu. Madereva wa hesabu wangapi wasingepita hapo? Ila kumpeleka bosi CMA, tume inayosuluhisha na kuamua migogoro ya kazi, ni kazi nzito mjini kwetu: bosi ni shemeji, au mnaswali safu moja. Wewe wa Leeds huna shemeji kwenye hiyo kampuni. Tunza meseji zote wanazokupangia njia, na kila karatasi ya makato.

Mwana wa Ujiji, Leeds

Nashukuru sana mzee, nawe dada. Kumtuma mtu siwezi, lazima wao wampitishe kwanza, na akiwa hana mafunzo yao hapiti. Nianzie wapi?

Dada wa Kasulu, Birmingham

ACAS, taasisi ya hapa ya kusuluhisha migogoro ya kazi. Ni bure, na lazima uwapitie wao kabla ya kwenda baraza la kazi, ambalo nalo halitozi ada tangu 2017. Usikae nalo mpaka mgongo upone, muda wa kufungua shauri unahesabiwa kwa miezi, si miaka. Na wakikuletea ghafla mkataba mpya unaokuruhusu kuweka deiwaka, sasa unajua kwa nini. Usiusaini kabla hujaongea na ACAS.