Seti kubwa za LEGO: ukubwa tunaulipia mara tatu, na za wastani hakuna anayezileta

Ndugu wanajukwaa, nimeanzisha uzi huu kwa sababu nimechoka kunyamaza. Jumamosi iliyopita niliondoka Jinja alfajiri, nikafika Kampala kabla ya saa nne, nikiwa na stakabadhi ya shilingi 1,300,000 nilizotanguliza mwezi wa tatu kwa ajili ya seti ya Titanic ya LEGO, yaani meli ya kujengwa kwa vipande vya plastiki vinavyoshikana, na salio lote nikiwa nalo mfukoni kama tulivyokubaliana. Muuzaji, ambaye duka lake sitalitaja, alinitolea karatasi nyingine yenye nyongeza ya shilingi 850,000. "Mwalimu, hiyo ni ya ujazo," akasema, halafu akamgeukia mteja mwingine. Kasha nililiona kwa mbali, juu ya rafu nyuma ya kaunta, na nikarudi Jinja mikono mitupu.

Kwa wasiojua ujazo ni nini, naeleza. Mizigo ya ndege haitozwi kwa kilo za mizani peke yake. Kampuni nyingi za usafirishaji wa haraka huzidisha urefu, upana na kimo cha kasha kwa sentimita, hugawanya kwa 5,000, kisha hutoza kwa namba iliyo kubwa kati ya hiyo na uzito halisi. Kasha la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 huhesabiwa kuwa na kilo 24, hata kama ukilibeba mwenyewe utaona halifiki 15. Seti hizi ni plastiki na mifuko yenye hewa, kwa hiyo karibu kila mara ujazo ndio unaoshinda. Hayo yote nayakubali, ni utaratibu wa biashara hiyo duniani kote. Nisichokubali ni kuambiwa leo. Vipimo vya kasha la Titanic vilikuwa ni vilevile mwezi wa tatu, muuzaji anavijua, na ndivyo alivyopaswa kuvipigia hesabu kabla ya kupokea hata shilingi moja kutoka kwangu. Bei tuliyoandikiana ilikuwa shilingi 3,900,000, na palikuwa na maneno "pamoja na gharama zote". Maneno hayo ameyaandika kwa mkono wake.

Sasa tutazame bei yenyewe kabla haijafika kwetu. Titanic ilitoka mwaka 2021 ikiwa na vipande 9,090 na bei ya dola 629.99 huko Marekani, kisha ikapandishwa hadi 679.99. Kwa dola moja ya takriban shilingi 3,600, hiyo ni karibu shilingi milioni 2 na laki 4 na nusu. Juu yake huja usafiri, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 ambayo hukokotolewa baada ya usafiri na ushuru kujumlishwa, na faida ya muuzaji. Maana yake ni kwamba ukubwa wa kasha ukipandisha nauli, kodi nayo inapanda kwa sababu ya nauli hiyo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya serikali. Mwalimu mwenye shahada anayefundisha masomo ya sanaa hupata milioni 1 na kidogo kwa mwezi, ilhali mwenzake wa sayansi alipandishiwa hadi milioni 4 mwaka 2022 (hilo nalo lina uzi wake). Niliweka akiba miezi kumi na minne. Sikukopa, wala sikugusa karo ya mtoto.

Wapo watakaosema kwamba anayeshindwa kulipa asitamani. Nawajibu kwamba kilichonivuta si ukubwa. Kwenye kabati la redio, sebuleni kwangu, upo Mnara wa Eiffel wa mwaka 2014 wenye vipande 321, ambao dada yangu aliniletea alipokuwa akifanya kazi Dubai. Una kimo cha sentimita 30 hivi. Kila Jumapili nauondolea vumbi jekundu la barabarani kwa brashi ndogo ya rangi, tundu kwa tundu, kuanzia kileleni. Nimeupeleka darasani mara nyingi kufundishia insha ya maelezo, na wanafunzi wangu wamejifunza kwa macho na vidole maneno kama tao, mhimili na kitako. Ukitazama jinsi fundi aliyeubuni alivyovitumia vipande vichache kuonyesha chuma kilichosukwa, utaelewa kwa nini mtu mzima anaweza kuipenda kazi hii. Tofali lililotengenezwa leo linashikana na lile la mwaka 1958, ulipoombewa hataza mfumo wake kule Denmark. Ni vitu vichache vya plastiki vinavyoweza kusifiwa hivyo.

Mwaka 2022 mnara huohuo ulitolewa upya kwa vipande 10,001 na kimo cha sentimita 149, kwa dola 629.99. Nina wanafunzi wa kidato cha kwanza ambao hawajafika kimo hicho. Hapo ndipo hasira yangu inapovuka duka la Kampala. Mwaka 2008 Taj Mahal yenye vipande 5,922 ilikuwa ajabu, na iliuzwa dola 299.99. Mwaka 2020 likaja Colosseum, ule uwanja wa kale wa Roma, lenye 9,036, mwaka uliofuata ikaja Titanic, na Oktoba 2025 ikaja Death Star, kituo cha angani cha filamu za Star Wars, yenye vipande 9,023 kwa dola 999.99. Sifa inayotangulia katika kila tangazo ni idadi ya vipande, na sisi wapenzi tumeizoea hata tunaulizana "ina vipande vingapi?" kabla ya kuuliza kama ni nzuri. Idadi hiyo inadanganya. Ramani ya dunia ya mwaka 2021 ina vipande 11,695, vingi kuliko seti yoyote niliyotaja, lakini iliuzwa dola 249.99 tu kwa sababu sehemu kubwa ni vidoti vidogo vya duara vya kubandika. Kipande kimoja cha ramani hiyo kinazidi kidogo tu senti 2 za dola, na kimoja cha Death Star kinazidi senti 11. Anayepanga bei kwa kuhesabu vipande, kama muuzaji wangu alivyojaribu kunieleza, hajui anachouza au anatumaini mnunuzi hajui.

Malipo ya tatu ya ukubwa ni nyumba. Ninakaa Walukuba, katika nyumba zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, chumba na sebule. Titanic iliyokamilika ina urefu wa sentimita 135. Mwezi wa tatu, kabla sijatoa pesa, nililaza futikamba juu ya meza yetu ya chakula ikaishia sentimita 120, basi nikaipima kuta. Ukuta wa pekee uliobaki ni ule wa juu ya kitanda cha mwanangu. Fundi seremala alitaka 180,000 kwa rafu yenye kioo, kwa kuwa bila kioo vumbi letu litajaza madirisha mia ya meli hiyo kwa wiki moja. Nilikubali hata hilo. Mke wangu, Mungu ambariki, alisema mtoto atalala chini ya meli na ataipenda. Kwa hiyo msinieleze kwamba sikujipanga.

Ninachodai si kwamba seti kubwa zikomeshwe. Zipo nyumba na mifuko inayozitosha, na wenye navyo wafurahie. Ninachodai ni za wastani. Na zipo! Taj Mahal ya mwaka 2021 ina vipande 2,022 na ilitoka kwa dola 119.99. Piramidi Kuu ya Giza ya mwaka 2022 ina vipande 1,476 kwa dola 129.99. Millennium Falcon, chombo cha angani cha filamu hizohizo za Star Wars, ambayo toleo lake la vipande 7,541 linauzwa dola 849.99, ilitolewa tena mwaka 2024 kwa vipande 921 na dola 84.99, yaani sehemu moja ya kumi ya bei, na inakaa vizuri kwenye rafu ya vitabu. Seti kama hizo zina makasha yanayobebeka kwenye begi la abiria, na ujazo wake haumfilisi mtu. Nimezunguka maduka manne ya Kampala nikiziulizia. Nilikuta vigari vya watoto vya elfu sabini, na nilikuta makasha makubwa kwenye kabati la kioo lenye kufuli. Katikati hapakuwa na kitu. Katika duka la nne kijana aliyekuwa zamu aliniambia kwa upole kwamba bosi huagiza zile zinazopigwa picha.

Basi kijana wa mshahara mdogo anabaki na njia mbili, anunue feki ambazo vipande vyake vinalegea kabla hajamaliza ghorofa ya kwanza, au aingie kwenye mtego wa malipo ya awali kama mimi. Wenzangu mlioko Mbale, Arua na Mbarara, kama yupo anayeagiza seti za wastani na kuandika gharama zote kwenye karatasi moja kabla ya kupokea pesa, mtajeni hapa. Tupo sita Jinja ambao tuko tayari kuagiza pamoja na kugawana nauli.

Kwa muuzaji wangu, ambaye najua husoma jukwaa hili: sitalipa hizo 850,000. Ama unikabidhi kasha kwa bei uliyoiandika mwenyewe, au unirudishie shilingi 1,300,000 zangu. Stakabadhi ninayo, yenye sahihi yako na tarehe. Jumamosi ijayo saa nne nitakuwa mlangoni pako.