Tupeane uzoefu: Uliwahi kuambiwa muuaji ni nani kabla hujamaliza kitabu?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kuna riwaya niliazima kwa mfanyakazi mwenzangu. Marehemu ni tajiri, ndugu wamejazana kwenye nyumba yake kwa ajili ya wosia, mvua imekata barabara, yaani mambo yale yale tunayoyapenda. Nafika sura ya tatu, daktari wa familia anaingia na mkoba wake, anavua kofia, anaomba maji ya moto. Pembeni ya jina lake kuna mshale mdogo wa penseli na maneno mawili: "Ndiye huyu."

Nilikifunga kitabu kwa hasira. Baadaye nikaendelea kwa ubishi tu, na hapo ndipo nilipoanza kufaidi. Kila daktari akitokea namkodolea macho. Anamfunika mjane blanketi. Anamtetea mtumishi anayeshukiwa. Anataja saa ya kifo kabla hajaulizwa, wote mezani wanaipokea, na mpelelezi naye anaiandika kwenye daftari bila kuipima. Kumbe habari nzima ya nani alikuwa wapi usiku ule imejengwa juu ya saa aliyoitaja mwenyewe! Ningekuwa sijui, ningelipita aya ile mbio, maana mwandishi kaiweka katikati ya ugomvi wa mashemeji wawili, na macho yote yako kwenye ugomvi.

Tangu hapo nasema jina la muuaji ni sehemu ndogo ya utamu. Najua wengi hamkubali. Tupeane uzoefu: nani alikutobolea siri, na kitabu kilikufa au kilipona?

Sharti ni moja. Ukitaja kitabu kwa jina, usitaje muuaji. Usipokitaja, mwaga unavyotaka.

Kipepeo wa Usiku

Mimi sihitaji wa kunitobolea, huwa naanza na ukurasa wa mwisho. Mume wangu anasema nina roho ya kichawi. Lakini kama kuna mtoto kapotea sura ya kwanza, sitaweza kuzisoma sura ishirini za katikati bila kujua kama atapatikana mzima. Nikishahakikisha, natulia, nasoma kila neno. Bila hivyo narukaruka kurasa, na hapo ndipo kitabu kinapoharibika kweli.

Asiyesahau

@Kipepeo wa Usiku dada yangu, kitabu ni chako, hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na shemeji yangu.

Nimekaa kwenye kiti, nimebakiza robo ya riwaya. Mke wa mtu alizama ziwani, mume ana huzuni, bima inakaribia kulipwa. Shemeji anapita na kikombe chake, anainamia bega langu, anasoma jalada: "Ah, hicho! Yule mke hakufa." Kisha huyo, kaenda zake kukaa. Hakuwa na nia mbaya, alidhani ananichangamsha.

Mleta mada, wewe unasema ulifaidi. Mimi zile kurasa zilizobaki nilizisoma kama naandaa ripoti. Mwandishi alikuwa anajenga shaka kidogo kidogo, kiatu kimoja, barua isiyo na muhuri, taa iliyowaka kwenye nyumba isiyo na watu, ili mimi mwenyewe nifike pale. Ile raha ya kufika peke yangu ndiyo niliyolipia. Nimenyang'anywa.

Mbona wenye tamthilia yao wanajua kuilinda? The Mousetrap ya Agatha Christie imeanza kuchezwa London Novemba 1952, ikaenda bila kukatika hadi janga la korona lilipofunga kumbi mwaka 2020, kisha ikarudi. Mwisho wa kila onyesho watazamaji wanaombwa wasimwambie mtu muuaji ni nani. Kama siri haina thamani, kwa nini wanaombwa?

Dawa na Dozi

Ngoja nije kwa upande mwingine. Mimi ni mfamasia. Siambiwi na mtu, naambiwa na dalili. Mhusika akianza kulalamika ganzi miguuni na nywele kumtoka, mpelelezi bado anahoji mtunza bustani, mimi nishajua kilichowekwa kwenye chai. Nikishaijua sumu, najiuliza nani kwenye kile kitabu angeweza kuipata. Mara nyingi hapo wanabaki wawili.

Wengi wanaotunga habari za sumu wanaboronga. Nilisoma moja ambayo mtu amekunywa sianidi ya kutosha kumuua, halafu anahutubia ukurasa mzima. Anasamehe maadui, anagawa mali, anamtaja mtoto wa nje ya ndoa. Sianidi haimpi mtu nafasi hiyo!

Christie ndiye ninayemheshimu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alihudumu hospitalini, kwanza kwa kuuguza, kisha kwenye chumba cha kutengenezea dawa. Riwaya yake ya kwanza, ya mwaka 1920, ina ujanja wa sumu ambao mtu asiyewahi kushika chupa za maabara asingeubuni. Na kuna tukio ambalo huwa nalisimulia kila nikipata wa kumsimulia. Mwaka 1961 alitoa The Pale Horse, ambamo sumu ni thaliamu. Mwaka 1977 mtoto mdogo kutoka Qatar alipelekwa hospitali moja ya London akiwa hoi, na madaktari hawajui anaumwa nini. Muuguzi wa pale alikuwa anakisoma kitabu hicho. Akaona anachokisoma kinafanana na anachokiona kitandani, akashauri wapime thaliamu. Walipopima wakaikuta. Ilitokana na sumu ya kuulia wadudu iliyotumika nyumbani. Mtoto akapona.

Sasa niambieni, yule muuguzi angekuwa mtu wa kukimbilia mwisho kujua muuaji, angezishika zile dalili?

Mleta mada

@Dawa na Dozi umevunja sharti, umetoboa sumu ya kitabu ulichokitaja!

Dawa na Dozi

Sharti lako linasema muuaji. Thaliamu haijafunguliwa mashtaka.

Mzee wa Mafaili

Vijana, nimestaafu kazi ya upelelezi, kwa hiyo niruhusuni.

Kazini kwetu, mara nyingi jina la mshukiwa tunalo mapema sana. Majirani wanalo, ndugu wa marehemu wanalo, wakati mwingine mwenyewe amekaa kwenye benchi nje anasubiri. Kinachokukosesha usingizi ni kulithibitisha. Shahidi wa Jumatatu siye wa Alhamisi, kaongea na watu, kaogopa. Kisu kimepatikana, lakini kimepita mikono mitatu na hakuna aliyeandika kakipokea kwa nani na saa ngapi. Faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka, linarudi na wino mwekundu. Yule mpelelezi wa kwenye riwaya anayewakusanya washukiwa wote sebuleni na kuwasimulia ushahidi wake mmoja mmoja, mimi huwa nacheka. Ningefanya hivyo, wakili wa mshtakiwa angenitumia kadi ya shukrani.

Ndiyo maana ninazozipenda ni zile zinazokuonyesha muuaji tangu mwanzo. Mwingereza R. Austin Freeman alitoa mkusanyiko wa namna hiyo mwaka 1912: nusu ya kwanza unaona uhalifu unavyotendeka, nusu ya pili unamtazama mchunguzi akiufikia. Na kabla yake, mwaka 1866, Dostoyevsky katika Crime and Punishment alishatuonyesha mshika shoka waziwazi, kisha akatuacha na kurasa mamia za kujiuliza atavumilia hadi lini. Hakuna wa kukutobolea kitu pale, na bado jasho linakutoka.

Yule jamaa wa shemeji, pole. Lakini bima inakaribia kulipwa na maiti haijaonekana? Wewe mwenyewe ulitakiwa uwe umeshashtuka.

Asiyesahau

Mzee, shikamoo. Nilikuwa nimeshashtuka. Nilikuwa nasubiri nithibitishe, kama ulivyosema.

Kalamu Kavu

Mimi kinyume chenu. Nilinunua kitabu cha mtumba kumbe kimechanika nyuma, kurasa kama kumi hivi za mwisho hazipo. Mpelelezi anasimama, anasema "Aliyefanya hivi yumo humu ndani," basi, jalada.

Nikampa dada yangu naye akisome, tukaanza kubishana. Yeye anashikilia ni mpwa mwenye madeni. Mimi nasema ni yule mama mlezi, kwa sababu ndiye pekee aliyejua mbwa hatabweka. Ugomvi huo tuliubeba hadi kwenye sherehe za watu. Tulikuwa tunapigiana simu usiku kuambiana ushahidi mpya: "Umeona sura ya tisa alivyosema 'tulikuwa' badala ya 'nilikuwa'?" Nilikisoma kitabu kile kwa makini kuliko chochote nilichofanyia mtihani.

Miaka ikapita, nikakipata kizima. Muuaji alikuwa pacha wa marehemu ambaye hajawahi kutajwa hata mara moja. Pacha! Dada nilipompigia alinyamaza, kisha akasema, "Kirudishe." Mpaka leo kwetu aliyeua ni mama mlezi.

Bora Dickens. Alifariki Juni 1870 akiwa kwenye The Mystery of Edwin Drood, iliyopangwa itoke kwa sehemu kumi na mbili. Aliacha sita. Watu bado wanaumalizia mwisho wake hadi leo, na hakuna pacha wa kuja kuwaaibisha.

Mtu wa Takwimu

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walilijaribu hili. Waliwapa watu hadithi fupi, zikiwemo za mafumbo, wengine wakiambiwa mwisho kabla na wengine wasiambiwe. Kwa jumla walioambiwa ndio waliozipenda zaidi. Mleta mada una watu upande wako.

Asiyesahau

Umesema mwenyewe: hadithi fupi. Dakika kumi umemaliza. Waniletee utafiti wa mtu aliyekesha na kurasa mia nne, halafu aje shemeji.

Rafu ya Pili

Mimi nilitobolewa na mpangilio wa vitabu tu, hakuna mtu wa kumlaumu. Nilianza visa vya Sherlock Holmes kwa mkusanyiko wa kurudi kwake, kwa sababu ndio uliokuwepo. Nikaja kusoma kile cha mwaka 1893, anapotumbukia kwenye maporomoko ya maji Uswisi, huku najua fika yuko hai na atarudi. Waliokisoma mwaka ule walikaa miaka kumi hadi Conan Doyle alipomrudisha, 1903. Nasikitika sikupata huzuni yao. Kwenye kisa kile hakuna fumbo kubwa la kutegua. Kilichomo ni kuagana, na kuagana ukijua mtu anarudi si kuagana.

Kwa hiyo jibu langu: fumbo halifi ukiambiwa. Msiba ndio unaokufa.

Najumu wa Mtaa wa Pili

Naona hakuna aliyemtaja Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, nitawafungulia. Mwandishi huyo alishinda shindano la uandishi la 1957–58 kwa hadithi iliyotoka mwaka 1960 kama Mzimu wa Watu wa Kale. Nimezirudia riwaya zake sijui mara ngapi, na wauaji wote nawajua kwa majina.

Ninachofuata sasa ni Najum, yule rafiki. Bwana Msa anavuta kiko, ananyamaza, na sisi tumebaki na Najum asiyejua kinachoendelea. Tunaona alichokiona Najum. Akitazama pembeni, tumetazama pembeni. Padri Ronald Knox, aliyeandika kanuni kumi za riwaya hizi mwaka 1929, alitaka rafiki wa mpelelezi awe na akili kidogo tu chini ya msomaji, na asifiche anachowaza. Rudia kitabu unachokijua mwisho wake, umwangalie rafiki huyo peke yake. Utaona mara ngapi kidokezo kimepita mbele ya pua yake naye akasifia mandhari.

Fundi wa Fumbo

Nimesoma uzi wote kimya kimya kwa sababu mimi natunga hizi habari, bado sijachapisha. Nawapa watu rasimu, kila wakimaliza sura wananitumia ujumbe wenye jina moja tu, la wanayemshuku. Wote wakianza kunitumia jina la kweli kufikia sura ya tano, najua nimepiga kelele mahali, narudi kufuta. Mara nyingi ni kosa dogo: mhusika nimempa maelezo marefu kuliko kazi yake. Mpishi akipewa aya mbili za macho yake ya upole, msomaji anajua huyu si wa kupika tu.

Lakini rasimu moja hakuna hata mmoja aliyelitaja jina, hadi mwisho. Nikadhani nimeshinda. Mke wangu akaniambia, "Hukutupa chochote cha kumshuku." Kweli, nilikuwa nimemficha hadi nimemfuta. Tangu hapo nataka angalau msomaji mmoja amshuku mapema, aghairi, kisha ajilaumu kwa kughairi. Ni kazi ngumu kuliko kumficha kabisa.

@Kalamu Kavu mwandishi wako wa pacha alikosa mke wa kumwambia.

Anayetaka kusoma rasimu niliyonayo sasa aniambie. @Kipepeo wa Usiku utanisamehe, wewe nitakutumia bila sura ya mwisho. Si kwa ubaya. Bado nina wauaji wawili na sijaamua nimkamate yupi.