Monita ya mraba ya inchi 19 au pana ya inchi 24? Mchezo wa kivinjari hauenei kwenye skrini

MkaaKisauni:
Hamjambo wanabaraza. Binti yangu hucheza mchezo wa kujenga mji unaofunguka ndani ya kivinjari, lakini sehemu ya chini, yenye vitufe vya kununua na kuhifadhi, imezama nje ya skrini wala haifikiki hata ukisogeza ukurasa. Jumamosi nataka kununua monita. Mwembe Tayari, hapa Mombasa, nimeona ya mraba ya inchi 19, mtumba, kwa shilingi 4,500. Mpya pana ya inchi 24 nimetajiwa 14,000. Nichukue ipi?

FundiMakupa:
Ndugu, umetupa inchi na bei, na inchi hapa hazisaidii kitu, kwa kuwa ni urefu wa kioo kwa mshazari tu. Kivinjari kipi? Skrini yako ina pikseli, yaani nukta za picha, ngapi? Windows imewekwa kukuza kwa asilimia ngapi? Umewahi kubonyeza Ctrl na sifuri, ili ukuzaji wa kivinjari urudi asilimia 100, ukaona kama mchezo unaenea? Bila majibu hayo tutakuuzia kioo usichokihitaji.

BintiMjiWaKale:
Mimi nasema mraba, bila kusubiri majibu. Tatizo lake ni kimo, si upana. Monita nyingi za mraba za inchi 19 zina pikseli 1280 kwa 1024, ilhali hizo pana za kawaida ni 1920 kwa 1080, yaani kwa kimo zinazidi kwa pikseli 56 pekee. Atalipa zaidi ya shilingi 9,000 kwa ajili ya pikseli 56?

FundiMakupa:
Dada, hesabu yako ni sahihi, ila kuna michezo iliyotengenezwa kwa umbo pana, na kwenye mraba itaachwa na mistari mizito myeusi juu na chini.

MzeeLikoni:
Wanangu, tahadharini na muuzaji kabla ya kioo. Mwaka jana nilikuwa na shida hiihii, nikaenda duka moja mjini, kijana akaniapia kwamba televisheni ya inchi 32 itafaa kuliko monita yoyote, na kwamba ni ya 1080. Nikaibeba hadi feri, nikavuka nayo, nikaiunganisha kwa waya wa HDMI. Hapo mchezo ukakatwa pande zote nne, hata saa ya pembeni mwa Windows ikatoweka. Nilirudi dukani mara mbili, nikaambiwa kosa ni la tarakilishi yangu. Mwishowe mpwa wangu aliingia kwenye menyu ya picha ya televisheni, akazima ile tabia ya kutanua picha kupita kingo, na kingo zikarejea. Lakini alipotazama nyuma ya televisheni akakuta kioo chenyewe ni cha 1366 kwa 768, sawasawa na kipakatalishi nilichokuwa nacho! Vitufe vya chini vilibaki palepale vilipozama.

MkaaKisauni:
Pole sana mzee wangu. Haya, nimeangalia. Ni Chrome, skrini ni 1366 kwa 768, Windows inakuza kwa asilimia 125. Nilipobonyeza Ctrl na sifuri hapakuwa na badiliko.

FundiMakupa:
Basi mchawi ni hiyo 125. Gawanya 768 kwa 1.25 upate takriban 614, na hicho ndicho kimo ambacho kivinjari kinahesabu kuwa nacho, kabla ya kutoa upau wa Windows, vichupo na sehemu ya anwani. Mchezo unaohitaji 600 utaeneaje? Irudishe iwe 100. Ama ufungue mchezo, ubonyeze Ctrl na alama ya kutoa mpaka ifike asilimia 80, kwa sababu 80 ya 125 ni 100 kamili, na Chrome itaikumbuka kwa tovuti hiyo pekee. F11 nayo itaondoa vichupo. Hayo yote hayana gharama.

MkaaKisauni:
Ya 100 haiwezekani. Mama yangu husomea magazeti kwenye mashine hiyo na macho yake hayana nguvu. Nimejaribu 80: vitufe vimeonekana, lakini maandishi ya mchezo yamekuwa kama chawa, na binti analalamika.

BintiMjiWaKale:
Ndiyo maana nilisema monita.

MpenziFirefox:
Jaribu Firefox kwanza.

FundiMakupa:
Firefox nayo hufuata ukuzaji uleule wa Windows, ndugu yangu. Pikseli haziongezeki kwa kubadilisha kivinjari.

MpenziFirefox:
Sawa, ila hata hiyo ya inchi 24 si dawa ya kila mchezo. Ile michezo ya zamani ya Flash, programu ya nyongeza ya kivinjari, ambayo tangu Flash ilipokoma mwisho wa 2020 wengi tunaicheza kupitia Ruffle, programu inayoiga Flash, mara nyingi ilichorwa kwa 550 kwa 400. Kwenye 1920 inakuwa kama stempu katikati ya bahasha, mpaka uikuze mwenyewe.

MkaaKisauni:
Wa binti si wa Flash. Jumamosi nitakwenda na kipakatalishi chenyewe, niifungue michezo yake mbele ya muuzaji kwenye monita zote mbili.

MzeeLikoni:
Hapo umenena. Lakini hizo za mraba za mtumba nyingi zina matundu ya kizamani ya waya wa picha tu, yaani VGA na DVI. Kipakatalishi chako kina tundu gani?