Kwa gari binafsi kutoka Dar es Salaam hadi Cape Town: tujiandae vipi?

Mkazi wa Tegeta

Wakuu, salaam. Mimi na mke wangu tumedhamiria kusafiri kwa gari letu kutoka Dar es Salaam hadi Cape Town mwezi Juni, shule zikishafungwa, pamoja na binti yetu mwenye umri wa miaka 9. Njia tuliyoichagua ni Tunduma, Lusaka, Livingstone, daraja la Kazungula, kisha Botswana hadi Afrika Kusini. Kwa hesabu yangu ni takribani kilomita 5,000 za kwenda tu. Gari ni Toyota Prado ya dizeli niliyouziwa na kaka yangu mwaka jana, na kadi yake bado ina jina lake. Fundi wangu ameniandikia orodha ya vipuri inayojaza ukurasa mzima, kuanzia mkanda wa feni hadi pampu ya maji, nami nimeanza kuvinunua. Ninaomba waliokwisha kupita huko wanieleze kama kuna jambo zito kuliko vipuri ambalo nimelisahau, na kama siku 9 za kwenda zinatosha.

Dereva Mstaafu

Ndugu yangu, jambo zito umelitaja mwenyewe, ukalipita haraka: kadi ina jina la mtu mwingine. Nimeendesha malori kati ya Dar es Salaam na Lusaka kwa miaka 14, na magari madogo niliyoyaona yamelala Tunduma hayakulazwa na mkanda wa feni, yalilazwa na karatasi. Ukiweza, kamilisha uhamisho wa umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla ya safari. Ukishindwa, kaka yako akuandikie barua ya idhini iliyothibitishwa na wakili, iambatane na nakala ya kitambulisho chake, na uisome tarakimu kwa tarakimu kabla ya kuondoka. Mwaka mmoja nilivusha pikapu ya shemeji yangu nikiwa na barua ya namna hiyo. Ofisa wa forodha aliitandaza juu ya boneti, akawa anafuata namba ya chasisi kwa ncha ya kalamu, mara kwenye barua, mara kwenye bati, mpaka alipofika mahali ambapo karani wetu alikuwa ameruka sifuri moja. Alinirudishia barua bila kusema neno, nami nikalala mpakani siku mbili nikisubiri nyingine.

La pili ni kadi ya njano, na hapa watu wengi huchanganya, kwa sababu zipo mbili. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa na tangu mwaka 2016 hudumu maisha yote. Nyingine ni ya bima ya gari ya COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), ambayo Tanzania inashiriki ingawa ilikwisha kujitoa katika jumuiya yenyewe, na unaipata kwa kampuni iliyokukatia bima. Nimemwona bwana mmoja Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, akiapa kwamba kadi ya njano anayo, akatoa ya sindano. Kwa njia uliyoichagua, ile ya COMESA inaishia Zambia. Botswana utalipia bima yao pale mpakani, na Afrika Kusini fidia ya majeruhi hutokana na tozo iliyomo katika bei ya mafuta, lakini fidia hiyo haigusi ubavu wa gari la mwenzako ulioubonyeza. Kwa hiyo, kama una bima kubwa, omba kampuni yako iipanue kwa maandishi ifike hadi huko.

Mpaka wa Tunduma na Nakonde ni wa kituo kimoja cha nchi zote mbili, hivyo usitishwe na foleni ya malori, kwani magari madogo huipita. Utafuatwa na vishoka, yaani mawakala wasio rasmi, kabla hujazima injini. Waage kwa adabu, uingie ndani mwenyewe. Upande wa Zambia utapewa kibali cha kuingiza gari kwa muda, utalipa tozo ya hewa ya ukaa na ya barabara, kisha utatunza kila risiti, maana zitaulizwa tena njiani. Kumbuka pia kwamba saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa moja.

Mama Wawili

Kaka, ninaongezea upande wa mtoto, kwa kuwa sisi tulikwenda na wawili. Beba cheti halisi cha kuzaliwa cha binti yako. Ikitokea mmoja wenu akalazimika kurudi kwa ndege na mwingine akaendelea naye, barua ya idhini ya mzazi asiyekuwepo itawaepusha na maswali marefu Afrika Kusini, ambako suala la watoto linachukuliwa kwa uzito mkubwa. Ni afadhali kila mmoja aibebe tangu nyumbani.

Jambo ambalo sikuambiwa na mtu ni dawa. Zambia ni wakali sana kwa dawa zenye kodeini au difenhidramini, na hiyo ya pili imo katika baadhi ya dawa za kawaida za kikohozi na mafua za watoto. Mwambie mke wako asome maandishi ya kila chupa, zenye mashaka mziache, na za lazima ziandamane na barua ya daktari. Botswana nako nyama mbichi na maziwa haviruhusiwi kupita vizuizi vya mifugo, kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo. Tulishushwa tukakanyaga zulia lililoloweshwa dawa, pamoja na viatu vyote vilivyokuwa kwenye buti, hata ndala. Na mwezi Juni msidanganywe na jua la Francistown: Cape Town wakati huo ndiyo majira yake ya mvua na baridi.

Fundi wa Mbeya

Ninatofautiana kidogo na mzee wangu hapo juu, si kwamba karatasi si muhimu, bali njiani kuna mashimo yasiyouliza kibali. Hata hivyo, orodha ya fundi wako ni ndefu mno. Pampu ya maji utaipata Lusaka. Weka fedha kwenye tairi nzuri, tairi la akiba lililo hai, mabomba ya rejeta na breki. Wakati wa kurudi, ukishuka mlima Kitonga kule Iringa kwa kukanyaga breki muda wote badala ya kutumia gia, utaisikia harufu yake kabla hujafika chini. Ongeza pembetatu mbili, kizimamoto, na stika za kuakisi mwanga, nyeupe mbele na nyekundu nyuma, pamoja na ile ya herufi EAT inayotambulisha gari la Tanzania.

Siku 9 ni chache, panga 12. Usiendeshe usiku, hasa kati ya Kasane na Nata huko Botswana, kilomita 300 ambazo tembo huzivuka wapendavyo. Tembo wa kijivu juu ya lami ya kijivu utamwona ukiwa umeshachelewa.

Kabla ya kununua kipuri kingine, lishushe gurudumu moja wewe mwenyewe, kwa jeki na spana zilizomo ndani ya gari.

Mkazi wa Tegeta

Ninawashukuru sana, mzee wangu, dada na fundi. Suala la kadi tumekubaliana na kaka kwenda TRA Jumatatu, na mke wangu ameshatoa chupa mbili za dawa kwenye begi. Fundi, nimetoka nje kujaribu kama ulivyoagiza. Jeki inafanya kazi. Nati tano za gurudumu la nyuma zimelegea, ila ya sita ni ya ufunguo maalumu, na ufunguo huo haumo garini. Nimempigia kaka, anasema tangu alinunue gari hajawahi kuuona.