Ikama (idadi inayotakiwa) ya wauguzi idara ya dharura: mnahesabuje?

Muulizaji: Jana usiku tulikuwa wauguzi watatu, vitanda 14, mara wakaletwa majeruhi sita wa bodaboda kwa mpigo. Mzee mmoja alikaa saa nzima bila kupimwa presha. Inaniuma mpaka sasa. Ikama yetu inafuata vitanda. Ni sawa?

Jibu: Pole sana dada. Vitanda havitoshi, hesabu wanaoingia kila saa na uzito wa hali zao. Sheria ya jimbo la California, Marekani, inataka muuguzi 1 kwa wagonjwa 4 wa dharura, 1 kwa 2 walio mahututi. Anayepokea na kupanga wagonjwa hahesabiwi humo.

Jibu la pili: Na msimsahau anayesindikiza mgonjwa eksirei, naye anawapunguza waliobaki. Sisi tuliandika daftarini wagonjwa wanaoingia, saa kwa saa, kwa wiki nne. Kilele kilikuwa saa 12 jioni hadi 5 usiku. Matroni akahamishia saa hizo muuguzi mmoja wa asubuhi.

Muulizaji: Daftari naanza leo.