Viongozi wa klabu yetu Mbeya, deni la uhamisho halidaiwi Instagram, na mama wa mchezaji si mdaiwa wenu

Wakuu, nimevumilia tangu taarifa ya kwanza, nikasema ngoja wayamalize wenyewe. Leo nimeshindwa. Nazungumzia klabu moja ya hapa Mbeya. Jina silitaji, anayefuatilia mpira pale uwanja wa Sokoine ameshaijua.

Tulimuuza winga wetu nje ya nchi, dau linalipwa kwa awamu. Ya kwanza ikaingia, ya pili ikachelewa. Mpaka hapo hakuna la ajabu, klabu zinadaiana dunia nzima. Balaa lilianza msemaji wetu aliposhika simu.

Taarifa kwa umma ikatoka: nembo juu, muhuri wa bluu chini, katikati aya tatu tupu. Klabu haijapokea malipo yake stahiki. Kiasi gani? Hawasemi. Awamu ipi, ilitakiwa ilipwe lini? Hawasemi. Halafu ile sentensi ya mwisho iliyonichoma, kwamba mchezaji na wakala wake wanafahamu kinachoendelea. Mnajua hiyo sentensi ilifanya nini mtaani? Mama yake yule kijana anauza mchele Mwanjelwa. Nilikuwepo jioni moja, jamaa kavaa jezi ya timu anamuuliza mbele ya wateja, "Mama, hela yetu mwanao kaificha wapi?" Mama wa watu hakujibu. Akaendelea kupima mchele, mkono unatetemeka, punje zinamwagika mezani. Anadaiwa nini yule mama? Deni ni la klabu kwa klabu. Mchezaji hajashika hata shilingi ya dau hilo, na aliyeandika ile sentensi analijua hilo vizuri kuliko mimi.

Wale wa nje nao wakajibu kwamba wamelipa kwa mujibu wa mkataba. Wetu wakapanda usiku na taarifa ya pili, wanatishia kumrudisha mchezaji. Asubuhi imefutwa! Siku hiyohiyo kiongozi mmoja yuko redioni anasema suala liko kwa wanasheria, mwenzake redio nyingine anasema wameshaelewana. Sisi tunaokata tiketi tushike lipi?

Na huko kumrudisha, kwa kanuni gani? Hati ya uhamisho wa kimataifa, ITC, hairuhusiwi kuwekewa masharti ya malipo. Imeshatoka, kijana anacheza kule. Deni linadaiwa kivyake, na njia ipo. Kanuni za FIFA za uhamisho, kifungu cha 12bis, zinasema deni likichelewa zaidi ya siku 30 bila sababu ya kimkataba, unamwandikia mdaiwa barua na kumpa siku zisizopungua 10 alipe. Asipolipa, unapeleka shauri FIFA. Huko anaweza kupigwa faini au kufungiwa kusajili. Uamuzi ukishatoka naye akagoma kulipa, kifungo kinaweza kufika madirisha matatu ya usajili mfululizo. Ila mdai naye ana muda wake: ikipita miaka miwili tangu mgogoro uanze, FIFA hawakusikilizi tena.

Sasa nauliza, barua hiyo imeandikwa? Tarehe ngapi? Maana taarifa ya Instagram siyo barua ya madai. Inawezekana kabisa tunapiga kelele huku siku zinakatika na faili halijafunguliwa.

Angalieni lile la Cardiff City na Nantes kuhusu marehemu Emiliano Sala, mchezaji aliyefariki kwenye ajali ya ndege baada tu ya Nantes kumuuza Cardiff, klabu hizo zikagombania dau lake. Lilizungumzwa mno kwenye vyombo vya habari tangu mwanzoni mwa 2019. Lakini lililoamua ni mikataba mezani: Septemba 2019 FIFA wakaiamuru Cardiff ilipe awamu ya kwanza, euro milioni 6, na Agosti 2022 CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo, wakaitupa rufaa ya Cardiff. Maneno ya magazetini hayakumlipa mtu.

Hatuombi mfichue mkataba mzima, siri za biashara tunazielewa. Tuambieni kilichoingia, kilichobaki, kilitakiwa kulipwa lini, na shauri lipo wapi. Kama halijafunguliwa, semeni halijafunguliwa. Aongee mtu mmoja, tena akiwa na karatasi mkononi. Na kabla ya yote hayo mtoe taarifa yenye nembo ileile na muhuri uleule, mseme wazi kwamba mchezaji na familia yake hawahusiki na deni hili. Hiyo haihitaji mwanasheria wala kikao, inaweza kutoka leo kabla ya saa kumi.

Wanachama wenye kadi, swali la barua tulipeleke mkutano mkuu, na lijibiwe kwa nakala, siyo kwa mdomo.

Aliyewahi kuihifadhi ile taarifa ya pili kabla hawajaifuta, aiweke hapa chini.